Magauni ya heshima ya mtindo wa zamani wakati wa kaskazi: kitambaa gani, na mshono gani?

MpendaKola (Dar es Salaam) anauliza:

Salaam kwenu nyote. Ninafanya kazi katikati ya jiji, na kwa miaka kadhaa sasa nimependa kuvaa magauni ya mtindo wa bibi zetu wa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960: kola ya duara, vifungo mbele hadi kiunoni, kiuno kilichokatwa, sketi pana ya marinda inayoshuka hadi katikati ya muundi, na mikono inayofika kwenye kiwiko au kukipita. Kichwani hujifunga mtandio. Hakuna aliyenishurutisha, ndivyo ninavyojiona nimevaa nikakamilika.

Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi linapovuma, sina la kulalamikia. Taabu huanza Desemba na kuzidi Februari, pale joto la mchana linapofika nyuzi 32 au 33 na hewa ikajaa unyevunyevu kiasi kwamba jasho halipati pa kwenda. Nikishuka kwenye basi asubuhi, mgongo umeshalowa, makwapa yamelowa, na sketi imenata mapajani hadi naona haya kupiga hatua. Kisha naingia ofisini penye kiyoyozi, nguo ile ile inanipoa mwilini, na nakaa saa nzima nikitetemeka.

Baadhi ya magauni haya nimeyapata kwenye mitumba ya Karume, mengine nimeshonewa na mafundi tofauti, na sioni tofauti kubwa kati yao inapofika saa saba mchana. Wenzangu wananishauri nipunguze nguo. Ushauri huo siutaki, na wala siuamini, kwa sababu kila siku ninawaona akina mama waliojifunika tangu kichwani hadi miguuni wakipita juani wakiwa wakavu kuliko mimi. Lazima kuna jambo wanalolijua. Naomba mnisaidie kuhusu kitambaa, kuhusu mshono, na kuhusu kile kinachovaliwa ndani, kwa maana hilo la mwisho nahisi watu hulizungumza kwa nadra.

FundiWaIlala anajibu:

Dada, kabla hatujafika kwenye mtindo, ligeuze gauni lako nje ndani na usome kibandiko kilichoshonewa ubavuni. Kama hakipo, chomoa nyuzi chache kwenye upindo, zishike kwa kibanio juu ya sahani, uziwashe kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu jepesi linalopukutika ukiligusa. Polista hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, na huacha kitone kigumu ambacho kucha haikivunji. Kitambaa cha mchanganyiko hukupa vyote viwili, jivu lenye punje ngumu ndani yake, na hicho ndicho kinachouzwa sana siku hizi kwa jina la pamba.

Naanza hapo kwa sababu nimewashonea wanawake wengi wanaopenda mitindo ya kale, na karibu kila mara lawama wanazolitupia gauni refu zinastahili kutupiwa uzi. Pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake hata pale unapoishika ukaiona kavu, lineni hubeba karibu asilimia 12, ilhali polista haifiki hata asilimia 1. Jasho likikutana na pamba huingia ndani ya uzi, husambaa, na hukaukia upande wa nje. Likikutana na polista hubaki pale pale kati ya nguo na ngozi likikutiririka.

Sasa fikiria magauni ya mitumba. Polista iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na ikaenea kwenye nguo za watu wa kawaida katika miaka iliyofuata vita, hadi ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 ikawa ndiyo iliyoshonewa magauni mengi, kwa sababu haikunji na haihitaji pasi. Kwa hiyo gauni zuri la maua makubwa linaloonekana ni la zama za bibi huenda likawa la bibi kwa umbo na la plastiki kwa kitambaa. Ukitaka la zamani halisi na ambalo halitakuchemsha, tafuta mishono ya kabla ya wakati huo, au, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la busara zaidi, chukua umbo tu uje kushona upya. (Na tusidanganyane kwamba kila cha zamani kilikuwa cha heshima. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza kutekelezwa mwanzoni mwa 1969, na mojawapo ya vitu vilivyopigwa marufuku ni vimini vilivyokuwa vimejaa mjini hapa.)

Vitambaa ninavyovipendekeza ni poplini nyepesi ya pamba tupu, voili ya pamba, kile kitambaa chembamba kinachopitisha hewa, kwa sehemu zenye marinda mengi, lineni kwa mwenye uwezo na asiyejali mikunjo, na kanga. Kitenge nakiweka nyuma kidogo: kile cha pamba hufumwa kwa kubana na huwa kizito, na vile vya bei nafuu vingi ni polista tupu. Rayoni hunyonya jasho vizuri na huanguka mwilini kwa madaha, ila ikilowa huwa nzito na hunata, jambo ambalo wewe ndilo unalolikimbia.

Kuhusu mshono kuna mambo ambayo fundi hatakufanyia usipomwambia. La kwanza ni bitana. Mafundi wengi tumezoea kuweka bitana kwenye sehemu yote ya juu ili gauni likae vizuri, na bitana inayopatikana madukani ni ya polista. Hivyo mteja hununua poplini ya pamba ya bei ghali kisha anavaa plastiki inayogusa ngozi. Mwambie fundi aache bitana kabisa, amalizie shingo na mikono kwa kipande chembamba cha kitambaa kile kile. La pili ni kwapa. Mkono wa gauni la kizungu hukatwa kwa duara linalobana kwapani, na pale ndipo jasho linapoanzia. Mwangalie mshona kanzu anavyofanya: mkono wake ni mpana na umenyooka, na chini ya kwapa hutia kikwapa, kile kipande cha pembe nne kinachowekwa ili mkono uinuke bila kulivuta vazi zima. Kikwapa hicho hicho kinaingia vizuri kwenye gauni lako, hakionekani mkono ukiwa chini, na kitambaa hakigusi kwapa kwa nguvu. Mimi huwatilia wateja wangu wote wanaopanda basi, maana wao ndio wanaoshika bomba la juu asubuhi na jioni.

La tatu ni kiuno. Joto la mwili hupanda, na hewa ya chini ya sketi hutaka kutokea shingoni. Mkanda uliokazwa huikatia njia. Kiuno cha gauni la mwaka 1955 kinapendeza kikiwa kimekaza, sikatai, lakini acha nafasi ya vidole viwili vinavyopita bila taabu, na mkanda uwe wa kitambaa cha gauni lenyewe, usiwe wa ngozi ya bandia.

Rangi nitaipitia haraka: kijivu na buluu ya mbingu hutangaza jasho kwa watu wote, ilhali maua madogo madogo hulificha.

MamaKibokoni (Mombasa) anajibu:

Mwanangu, fundi amesema maneno ya maana na sina la kupunguza. Nitaongeza la ndani, kwa kuwa ndilo uliloliulizia na yeye amelikwepa, pengine kwa haya.

Nikiwa msichana, mama yangu hakuturuhusu kuvaa shumizi ya nailoni mchana. Nailoni ilikuwa ya harusini na ya usiku. Shumizi za kila siku zilishonwa kwa bafta au kwa melimeli, kitambaa chepesi kama hewa ambacho siku hizi ukimtajia muuza duka kijana atakutazama usoni asijue unataka nini. Leo naona wasichana wanavaa gauni la pamba safi, na chini yake gagulo la nailoni lenye lastiki pana, kisha wanalalamika kwamba pamba haiwasaidii. Itawasaidiaje na haijawagusa? Nunua poplini nyembamba, shonesha magagulo yako mwenyewe, yawe mapana chini, na kiunoni yafungwe kwa ugwe badala ya lastiki. Na kama gauni ni jeupe au la rangi hafifu, gagulo lisiwe jeupe. Liwe la rangi inayokaribia ya ngozi yako, kwani jeupe chini ya jeupe huonekana juani mstari kwa mstari.

La pili, ulitaja akina mama waliojifunika wakapita juani wakiwa wakavu. Baadhi yao, mwanangu, wanateseka kimyakimya kama wewe, kwa sababu mabuibui mengi ya sasa yanatoka Ghuba yakiwa ya nida na ya krepu, na hizo ni polista kwa majina matamu. Lakini wale wakavu kweli, tazama upana wa nguo zao. Buibui la kamba tulilolikuta kwa bibi zetu lilikuwa nguo pana, kamba yake hufungwa kichwani na nguo yenyewe ikaachwa ianguke hadi miguuni. Halikuwa na kiuno, halikuwa na mkono uliobana, na mtu akitembea lilikuwa likipepea na kujipuliza lenyewe. Dera tunalolivaa nyumbani liko vivyo hivyo. Sikwambii uache kiuno chako, najua ndicho unachokipenda, ila ujue kwamba unakilipia, na ulipe pengine: panua mikono, panua sketi, legeza kola.

Mtandio pia. Ushungi unaobanwa kidevuni kwa pini na ncha zake zikaingizwa ndani ya kola huziba shingo yote, na shingo ndiyo dirisha la gauni. Uache mlegevu, wa voili ya pamba, usiwe wa shifoni inayoteleza hadi ukaufungia kofia ya kubana ya chini. Kama desturi yako inakuruhusu kilemba kinachofungiwa kisogoni, basi siku za joto kali kivae hicho.

Na leso mpya, yaani kanga kama mnavyoiita huko, usiivae siku ya kwanza. Hutoka dukani na dawa ya kuigandisha, ngumu kama karatasi, haipitishi hewa wala hainyonyi maji. Iroweke usiku, uifue, uianike kivulini, urudie. Leso iliyokwisha fuliwa mara nyingi ndiyo inayofaa mwili wa binadamu wakati wa kaskazi, na moja uwe nayo mkobani: ya kujifutia ukishuka kwenye gari, na ya kujitanda mabegani ukiingia kwenye hicho kiyoyozi. Ukiota harara mgongoni, jipake liwa, ule unga wa msandali, usiku, na uipumzishe mikanda kwa siku mbili tatu.

MkaziWaMuscat anajibu:

Nimefurahi kusoma mambo ya buibui, kwa sababu huku Muscat, ambako mwezi wa Juni kipimo hupita nyuzi 40, swali la nguo nyeusi juani ni la kila mwaka. Mwaka 1980 watafiti walichapisha katika jarida la Nature vipimo walivyovifanya katika jangwa la Negev kuhusu majoho meusi ya Mabedui. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi kuliko jeupe, jambo ambalo kila mtu angelitarajia. Lakini joto lililofika mwilini lilikuwa sawa kwa yote mawili, kwa sababu ile ziada ilichukuliwa na hewa iliyokuwa ikipita kati ya nguo na ngozi. Yaani rangi ilisamehewa na upana. Libane joho hilo mwilini na msamaha unakwisha.

Msiichukue habari hii moja kwa moja mkaipeleka Dar es Salaam, hata hivyo. Jangwani hewa ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona, ilhali pwani unyevu wa hewa hulizuia, kwa hiyo nguo yenye kupitisha upepo inahitajika zaidi huko kuliko huku jangwani, na kitambaa kizito hakifai hata kikiwa kipana.

Jambo nililotaka kumwambia muulizaji ni kuhusu mapaja. Gagulo halizuii mapaja kusuguana, hata likiwa la pamba. Wanawake wa Oman huvaa sirwali nyepesi chini ya kanzu, na Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na vazi la aina hiyo: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, ana picha mashuhuri ya studio inayomwonyesha katika vazi la kwao, kanzu juu na suruali yenye marinda ikitokeza chini. Kwa mtu anayependa mavazi ya kale, hilo ni la kale kuliko kola ya duara. Shonesha sirwali ya voili ya pamba, pana mapajani, inayoishia chini kidogo ya goti ili isionekane. Itachukua nafasi ya gagulo, itanyonya jasho pale linapotoka, na sketi haitakunatia tena. Nguo mbili nyepesi za pamba zilizo pana ni nafuu kuliko moja nzito, ingawa najua wenzako wa ofisini hawatalikubali hilo hadi wajaribu.

MpendaKola anajibu:

Nawashukuru sana. Nimeyafanyia magauni jaribio la kiberiti: mawili ya mitumba yameyeyuka kama mshumaa, la tatu limetoa jivu safi, nalo ndilo ambalo siku zote nimekuwa nikilivaa bila kujua kwa nini nalipenda. Magagulo sikuyachoma, kibandiko kimeyasemea. Nitaanza na sirwali.

Nina doti moja ya kanga ambayo imefuliwa hadi imelainika, yenye mji wa maua mekundu. Je, inatosha gauni zima la mikono ya kiwiko, au nitaiharibu bure? Na je, pindo linaweza kukaa chini ya sketi likazunguka lote?

FundiWaIlala anajibu:

Gauni zima haitoshi, ila sketi inatosha na kubaki. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, pengine imepungua kidogo kwa kufuliwa. Ziweke zote mbili kwa ubavu, ule upande mrefu uwe chini. Kata mapindo ya pembeni, yale mafupi manne, kisha unganisha kanga hizo mbavuni. Pindo la chini litakutana na lenzake na kuzunguka sketi nzima bila kukatika, na duara lako la chini litakuwa karibu mita mbili na nusu, ambalo linatosha kupandia basi. Urefu wa sketi ukiwa sentimita 80 au 85, juu kutabaki ukanda wa kutosha mkanda na mifuko. Yale mapindo manne uliyoyakata usiyatupe, yanapendeza mwishoni mwa mikono.

Kiunoni usikubali fundi akusanye kitambaa chote kwa uzi, kitajaa na kukupasha joto. Aweke marinda bapa, ayashonee chini kwa kiasi cha kidole kimoja kutoka kwenye kiuno, kisha ayaachie. Sehemu ya juu ishonwe kwa poplini nyekundu au nyeupe ya pamba, mita moja na nusu, kola na vikwapa vikiwa ndani ya hesabu hiyo. Ifue poplini kabla ya kukatwa. Kanga yako imekwisha punguka, poplini bado, na ukizishona pamoja hivyo hivyo sehemu ya juu itapanda kiunoni baada ya kufuliwa mara moja.

MamaKibokoni anajibu:

Na kabla hamjakata, lisomeni jina la hiyo leso. Kwa mkato huo maneno yatakaa kwenye muundi, mbele na nyuma, na kila atakayekuwa nyuma yako kwenye foleni ya basi atakuwa na muda wa kuyasoma yote. Ikiwa ni ya kumsema mke mwenza au jirani, tafuta doti nyingine.